Dhambi Iliyogeuka Desturi

Kaeni karibu na redio, na kila mtu awe na kalamu na daftari lake. Msaidizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: DHAMBI, DESTURI, KUTUBU, KUUNGAMA, KUREJESHA. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili.

Vema. Leo twasoma habari ya mafundisho ya Kikristo. Pengine darasani mna watu wa dini mbalimbali. Hapana anayelazimishwa kuamini. Twasoma ili tujue, na kila mtu ataona la kumfaa.

Swali letu ni hili. Mtu amebatizwa, anasali, anaimba na wenzake kanisani. Lakini liko jambo moja baya analolifanya tena na tena, mwaka hata mwaka, naye halitaki liguswe. Je, jambo hilo litamfanya nini mtu huyo?

1. Kuanguka na kukaa chini

Katika Agano Jipya uko Waraka wa Kwanza wa Yohana. Sura ya 1 yasema kwamba mtu akidai hana dhambi yoyote, anajidanganya. Sura ya 3 yasema kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Msomaji mwangalifu atauliza, “Mbona maneno haya yanapingana?”

Waraka huo uliandikwa kwa Kiyunani. Wataalamu wengi wa lugha hiyo hueleza kwamba tendo linalotajwa katika sura ya 3 ni tendo la kuendelea, si la mara moja. Basi maana yake ni kwamba aliyezaliwa na Mungu haifanyi dhambi kuwa mwenendo wake. Fikirini habari ya watu wawili njiani wakati wa masika. Mmoja ameteleza, ameanguka, ameinuka na kujifuta tope. Wa pili ameanguka, na badala ya kuinuka ametandika mkeka wake pale pale topeni. Wote wawili wana tope, lakini hali zao si sawa. Mafundisho ya leo yanamhusu huyu wa pili.

2. Mfano wa karani wa mizani

Tuseme yupo karani wa mizani katika chama cha ushirika wa pamba. Huyu ni mtu wa mfano tu. Kanisani ni mzee wa kanisa. Siku moja mtoto wake aliugua, na nyumbani hapakuwa na fedha. Mkulima alipoleta gunia lake, karani aliandika nusu kilo pungufu. Mkono ulimtetemeka. Usiku ule hakulala.

Juma la pili alipunguza tena, na mkono haukutetemeka sana. Msimu wa pili alikuwa akimpunguzia kila mkulima. Msimu wa tatu hakuuita tena wizi. Aliuita “fungu langu”. Jumapili alipokea sadaka za wakulima wale wale, akazihesabu kwa uaminifu mpaka senti ya mwisho.

Tufanye hesabu kidogo. Andikeni. Nusu kilo kwa wakulima 40 ni kilo 20 kwa siku. Kama msimu una siku 60 za kupima, ni kilo 1,200. Kila mkulima aliona amepungukiwa kidogo tu. Lakini kidogo hicho kilikuwa jembe la mjane, ada ya mtoto, dawa ya mzee. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.”

3. Dhambi ya desturi huzaa nini?

Yako mambo matatu.

La kwanza, moyo hufa ganzi. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, hutaja watu ambao dhamiri zao ni kama zimechomwa kwa chuma cha moto. Mahali palipoungua sana hapasikii tena maumivu. Mkono wa karani ulipotetemeka, ule ulikuwa uzima. Ulipoacha kutetemeka, yeye alidhani amepata amani, kumbe ni ganzi.

La pili, wengine huumia. Someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12. Mfalme Daudi alimchukua Bath-sheba, mke wa askari wake Uria. Mwanamke akapata mimba. Daudi alijaribu kulificha jambo, akashindwa. Ndipo akaandika barua kwa jemadari wake, kwamba Uria awekwe mahali pa vita vikali, kisha aachwe peke yake ili afe. Na barua hiyo akampa Uria mwenyewe aipeleke. Mtu yule mwaminifu alibeba mkononi mwake hukumu ya kifo chake. Tazameni jinsi kosa moja lililofichwa lilivyoita la pili, na la pili likaita la tatu. Uzinzi ulileta hila, na hila ikaleta damu.

La tatu, Mungu humwadibu mtoto wake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, hufundisha kwamba baba humrudi mtoto aliye wake, na kuachwa bila maonyo si dalili ya kupendwa. Nabii Nathani alimwendea Daudi, akamsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika sana, akamhukumu tajiri yule. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Daudi alikiri papo hapo, naye akaambiwa papo hapo kwamba amesamehewa.

Lakini sikilizeni sana. Msamaha ulikuja, na matokeo hayakuondoka. Mtoto yule alikufa. Baadaye fitina ziliingia nyumbani mwa Daudi. Mwanawe Absalomu alimwua nduguye Amnoni, kisha akamwasi baba yake. Msamaha humrudisha mtu kwa Mungu. Haumfufui Uria. Mti uliokatwa haushikani tena na kisiki chake kwa sababu aliyeukata ameomba radhi. Kwa hiyo asiseme mtu, “Nitafanya sasa, nitatubu baadaye, nami sitapoteza kitu.”

4. Je, mwamini aweza kupotea?

Hapa Wakristo hawafundishi sawasawa, na ni vizuri mjue.

Kanisa Katoliki hufundisha kwamba dhambi ya mauti humwondolea mtu neema ya utakaso, na akifa bila kutubu amepotea. Ndiyo maana Wakatoliki wana sakramenti ya kitubio. Walutheri, na Wamethodisti waliomfuata John Wesley, hufundisha kwamba mwamini aweza kweli kuiacha imani na kupotea, ila mlango wa kurudi uko wazi. Makanisa yaliyoshika mafundisho ya Calvin husema, kama ilivyoamuliwa katika sinodi ya Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619, kwamba wateule wa Mungu waweza kuanguka vibaya sana, lakini Mungu hawaachi waangamie; huwarudisha kwa njia ya toba. Na mtu asiyerudi kabisa, husema, ameonyesha kwamba imani yake haikuwa ya kweli tangu mwanzo.

Mwaona tofauti. Lakini yako mambo ambayo wote hukubaliana. Hapana hata mmoja kati yao anayemwambia karani wetu, “Endelea tu, wewe ni salama.” Na hapana anayemwambia, “Umechelewa, usirudi.”

5. Waliotaka kurudi zamani

Swali la kurudi ni la zamani sana. Mnamo mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu. Huko Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristo wengi waliogopa wakatii. Wengine hawakutoa sadaka, lakini walinunua hati ya kuonyesha kwamba wametoa. Hatari ilipopungua, wengi walilia kurudi kanisani.

Huko Roma padre mmoja aitwaye Novatian alisema wasipokelewe kamwe. Wengine walitaka wapokelewe upesi bila kuulizwa. Mwaka 251 Cyprian, askofu wa Karthago, alikutana na maaskofu wenzake. Walikata shauri kwamba walioanguka waweza kupokelewa, lakini baada ya toba iliyo wazi, na kila mtu kwa kadiri ya kosa lake. Kwa hiyo Kanisa halikufunga mlango, wala halikuung'oa.

6. Kutubu, kuungama, kurejesha

Sasa tazameni ubaoni. Kutubu ni kugeuka moyoni na kushika njia nyingine. Kuungama ni kulitaja kosa kwa jina lake. Karani asiseme, “Ee Mungu, mimi ni mwenye udhaifu mwingi.” Hilo kila mtu aweza kulisema. Na aseme, “Niliiba pamba ya watu kwa mizani.” Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tena liko neno la tano, ambalo wengi hulisahau: kurejesha. Sheria ya Musa katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, humtaka mkosaji aungame, alipe kitu chote, kisha aongeze sehemu ya tano. Haya, daftari tena. Kilo 1,200 gawanya kwa 5 ni kilo 240. Jumlisha: kilo 1,440. Hiyo ndiyo toba ya karani ikipimwa kwa mizani. Naye Zakayo mtoza ushuru, katika Injili ya Luka, sura ya 19, alizidi hapo. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumlipa mara nne kila aliyedhulumiwa.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilionekana kwa macho. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata, uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hata kwa Walutheri wa Bukoba. Huko Uganda watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Wengi wao walikuwa wamekwisha kubatizwa zamani. Ndio watu wa somo letu hasa: Wakristo wenye dhambi za desturi. Walisimama mbele ya wenzao wakaungama, na wengi walirudisha vitu walivyoiba, kwa majirani na kwa mabwana wao. Wako waliolalamika kwamba Balokole wasema mambo ya aibu hadharani, na magomvi yalitokea makanisani. Lakini aliyerudishiwa mali yake hakuhitaji kuelezwa toba ni nini.

7. Neno kwa mwenye hofu, na neno kwa majirani

Pengine yupo mwanafunzi anayewaza, “Mimi napigana na pombe. Nimeacha mara tatu, nimerudi mara tatu. Basi mimi si mwamini.” Ndugu yangu, usichanganye kupigana na kukaa. Petro alimkana Bwana wake mara tatu usiku mmoja, akalia kwa uchungu, na baadaye alikabidhiwa kundi. Anayelia bado ana uzima. Ila usipigane peke yako gizani. Mwambie mchungaji wako, padre wako, au rafiki mmoja anayejua kunyamaza. Mwage pombe iliyomo nyumbani, na ubadili njia ile inayopita kilabuni. Sala na miguu ziende pamoja.

Nanyi majirani mnalo jukumu. Huko Korintho alikuwapo mtu aliyeishi na mke wa baba yake, na kanisa lilinyamaza. Mtume Paulo aliagiza atengwe. Katika waraka wa pili, sura ya 2, Paulo anaandika habari ya mtu aliyeadhibiwa na kutubu. Wengi hudhani ni yule yule. Anawaonya wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Kunyamaza mbele ya dhambi ni kumdhulumu mkosaji. Kumcheka anaporudi ni kumdhulumu mara ya pili. Siku karani atakaposimama mbele ya wakulima, akiwa na daftari la madeni yake mkononi, mtamwitaje? Jibu mtakalotoa litawafundisha makarani wengine wote kama waungame au wazidi kuficha.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kuanguka na kukaa chini kuna tofauti gani?
2. Kwa nini matokeo yalibaki nyumbani mwa Daudi hata baada ya kusamehewa?
3. Mtu aliiba mbuzi 10. Akifuata sheria ya sehemu ya tano, atarudisha wangapi?
4. Kila mtu aandike sentensi moja yenye neno KUREJESHA. Asiyetaka kuisoma mbele ya wenzake aiweke mfukoni, aende nayo nyumbani.

Wanafunzi, wakati wetu umekwisha. Ukurasa huu ni wenu, usomeni tena taratibu. Na kama liko jambo ambalo mkono wako ulikuwa ukitetemeka ulipolifanya, na sasa hautetemeki tena, usingoje somo lijalo. Kwaherini.