Safisha Kichwa Kabla ya Kulaumu Kanda



Somo letu la leo ni Injili ya Mathayo, mlango wa 7, aya ya 1 hadi ya 5. Hapo Bwana wetu anamkanya mtu anayehangaika na kibanzi cha mwenzake, na kumbe boriti imo jichoni mwake mwenyewe. Mimi somo hili nimefundishwa upya na kinasa sauti cha kaseti.

Mama mmoja mjane alitoka upande wa Homa Bay akanijia Migori na kaseti iliyofungwa ndani ya leso. Mumewe alikuwa mvuvi na mwalimu wa kwaya. Ziwa lilimchukua mwaka 1988, naye mama ana mimba. Binti aliyezaliwa baadaye sasa ana watoto wake, lakini hajapata kusikia sauti ya baba yake. Katika kaseti ile, kabla ya wimbo, baba huyo anasema maneno machache na waimbaji.

"Mchungaji," mama akasema, "dukani wameniambia imekufa, niitupe. Moyo wangu umekataa."

Nikashusha kinasa sauti cha kanisa, kilichokaa juu ya kabati miaka mingi. Nikapuliza vumbi kwa mdomo, nikabonyeza. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nikasema, "Kweli, Mama, kanda hii imekwisha." Mara mashine ikaanza kuitafuna. Nilipoichomoa, urefu wa shibiri moja ulikuwa umekunjamana. Ndugu zangu, kanda ya kaseti hupita kwa mwendo wa karibu sentimita 5 kila sekunde. Shibiri moja ni kama sekunde 5 za sauti ya mtu. Mama hakunilaumu. Alikunja leso yake tu, akanyamaza.

Kesho yake nilipanda gari hadi Rongo, kwa fundi mmoja mzee wa redio. Akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi. "Mchungaji," akaniuliza, "umeihukumu kanda. Je, kichwa umekitazama?"

Kichwa ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoguswa na kanda. Kilikuwa kimevaa ukoko wa rangi ya udongo. Fundi akanieleza kwamba kanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma, ndugu yake kutu. Unga huo hubanduka kidogo kidogo, ukashikana na vumbi na kuganda. Kichwa husoma sauti kwa ufa mwembamba kuliko unywele. Uchafu mdogo tu ukiinua kanda, sauti nyembamba hupotea kwanza, kama vile s, sh na f. Hubaki mngurumo, nasi twasema kanda ni mbovu. Tena gurudumu la mpira linalovuta kanda lilikuwa linanata. Ndilo lililoitafuna.

Kazi yenyewe aliifanya mbele yangu. Kwanza alichomoa waya wa umeme. Akachovya kijiti chenye pamba katika spiriti safi ya isopropili, isiyo na mafuta wala manukato. Akafuta kichwa taratibu, akabadilisha pamba mpaka ikatoka nyeupe. Akafuta pia mhimili mwembamba wa chuma unaozunguka pamoja na gurudumu. Gurudumu lenyewe alilifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti yaweza kukausha mpira. Bisibisi hakuileta karibu na kichwa, kwa maana mkwaruzo mmoja hautengenezeki. Akangoja kila kitu kikauke. Kisha akajaribu kwanza kaseti isiyo na thamani. Akanionya kwamba kanda yenyewe ikinata isilazimishwe, apelekewe mjuzi.

Tukaiweka ya mama. Nyumba yote ikasikia mwanamume akicheka, kisha akiwaambia waimbaji kwa Kijaluo, "Sauti ya tatu, msikimbie. Ngojeaneni." Tukainakili siku ile ile katika simu na katika kompyuta. Binti alipoletewa alisikiliza mara tatu, akasema, "Kumbe kicheko cha mwanangu ni cha babu yake."

Lakini katikati ya wimbo sauti yazama, halafu yarudi. Kuzama kule ni kosa langu. Nilimwomba mama msamaha, naye akanisamehe. Hata hivyo sekunde zile hazirudi.

Wapenzi, kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mwaka huo huo kituo cha Sauti ya Injili kilianza kutangaza kutoka Addis Ababa, mpaka serikali ya Ethiopia ilipokitwaa mwaka 1977. Mahubiri na nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zilikifikia kwa kanda. Na masanduku mangapi ya kaseti yamo chini ya vitanda vyetu, kwenye unyevu wa ziwa na vumbi la barabara? Yatafuteni wiki hii. Wekeni kaseti zisimame wima, mahali pakavu, mbali na spika zenye sumaku. Safisheni mashine, kisha nakilini mapema. Kanda huzeeka, na mafundi wanaozijua wanazeeka nao.

Tena kuna ndugu ambaye umesema hana neno la maana. Ni mkwe, au ni mzee wa kanisa mliyekosana. Kila asemapo wasikia mngurumo tu. Kabla hujamtupa, tazama kichwani mwako pana ukoko gani. Pengine sauti yake ni nzima.

Tuombe. Ee Bwana, tumehukumu upesi na kusikiliza kwa uchafu. Utusafishe masikio, tuwasikie wenzetu wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.