Breki za Gari la Chama na Mteremko wa Sekenke



Gari litokalo Singida kwenda Igunga halina budi kuuteremka mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui na mbuga ya Wembere. Hapo ndipo kasoro iliyojificha nyumbani hujidhihirisha. Dereva aliyepakia vitunguu hukanyaga breki mara kwa mara, moto huongezeka, na ikiwa pedi moja inafanya kazi ya mbili, gari huvuta upande.

Mara nyingi kiini chake ni pini mbili tu, unene wa kidole. Kalipa ya gari dogo, kama Corolla au Noah, ina pistoni upande wa ndani peke yake. Pistoni huisukuma pedi ya ndani hadi ishike diski, kisha kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka au zikiingia kutu, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani huliwa ikaisha, na ya nje hubaki karibu mpya. Vumbi la njia za Iramba na Mkalama hupenya mara tu kimpira cha pini kinapopasuka. (Land Cruiser nyingi zina pistoni pande zote mbili za diski, wala hazina pini za namna hii.)

Kazi hii dereva makini aweza kuifanya uani. Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe, nati hulegezwa kabla ya kujeki, na gari hukalishwa juu ya stendi imara. Alitegemeaye jeki peke yake ameiweka roho yake rehani. Kalipa ikifunguliwa hufungwa kwa waya, isining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Pini huchomolewa na kufutwa; iliyochimbika kwa kutu hutupwa, na kila moja hurudishwa katika tundu lake, maana pengine hazifanani.

Katika grisi ndipo wengi hukosea. Hutwaa ile ya beringi kwa kuwa imo kopo zima stoo. Grisi hiyo huvimbisha mpira, na baada ya muda pini hukaza kuliko mwanzo. Itakiwayo ni grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki, nayo hupakwa kidogo tu. Petroli na dizeli zisioshee sehemu hizo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Pedi iliyobaki chini ya milimita 3 hubadilishwa, pamoja na za gurudumu la pili. Baada ya kufunga, pedeli ya breki hukanyagwa mara nyingi hadi iwe ngumu, kabla gari halijasogea hata hatua moja. Aliyesahau jambo hili hukutana na ukuta.

Pistoni iliyokwama, mafuta yanayovuja na mpira uliopasuka ni kazi ya fundi, si ya uani. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingia maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi, na hapo pedeli huzama katikati ya mteremko. Yafaa yabadilishwe kila miaka miwili.

Kamati nyingi huhakiki stakabadhi za petroli senti kwa senti, lakini hazimwulizi dereva habari za pedi. Daftari la gari lionyeshe tarehe, kilometa, na unene wa pedi ya ndani na ya nje kwa kila gurudumu la mbele. Vipimo viwili vya gurudumu moja vikitofautiana sana, pini zifunguliwe kabla gari halijapakiwa alizeti za msimu.