AFYA NA USALAMA WA WANAFUNZI WA VYUO VIKUU: KAZI YETU NI IPI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi katika vyuo vikuu. Yamepigwa chapa ili wale waliokuwa zamu nao wapate kuyasoma.)



Tumezoea kukutana kuzungumza habari za mishahara, likizo, nyumba na malipo ya uzeeni. Hayo hatuyaachi. Lakini leo twataka kusema habari za wanafunzi: afya yao, usalama wao, na msaada wanaopata wanapolemewa na mambo. Huenda mwingine akauliza, "Chama cha wafanya kazi chahusikaje na wanafunzi?" Jibu ni la namna mbili.

Kwanza, wanafunzi hao ni watoto wetu. Wengi wetu hapa tuna mtoto, au mdogo wetu, au mtoto wa ndugu katika chuo fulani, na karo yake hutoka katika mshahara huu huu ambao chama chetu huupigania. Pili, chuo kikuu hakiendeshwi na maprofesa peke yao. Anayekesha langoni ni mfanya kazi. Anayepika, anayefagia bweni, anayeshika funguo, anayefunga kidonda katika zahanati, anayeendesha gari la wagonjwa, wote ni wafanya kazi. Mwanafunzi akipatwa na shida saa nane ya usiku hamwoni profesa. Humwona mmoja wetu.

Wazee walio kati yetu wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Kabla ya mwaka wa 1984 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha serikali, nacho ni cha Nairobi. Wanafunzi walikuwa wachache, wakalala mabwenini na kula bila kutoa pesa mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango huo ulibadilika. Wanafunzi wakatakiwa kuchangia gharama za masomo, na chakula wakaanza kukilipia sahani kwa sahani. Mwaka wa 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo, yaani HELB. Siku hizi vyuo ni vingi, wanafunzi ni wengi kupita vitanda, na wengi wao hupanga vyumba nje, mbali na zahanati na mbali na walinzi wa chuo.

Basi ugonjwa wa kwanza ni njaa, na wa kwanza kuuona ni mpishi. Mkopo ukichelewa, yule kijana aliyekuwa akinunua wali na maharagwe huanza kununua chai na chapati moja. Wiki ya pili huja kuomba maji tu. Wiki ya tatu haonekani. Mpishi anajua habari hiyo kabla ya daktari na kabla ya ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi. Lakini hakuna aliyemwuliza mpishi, wala mpishi hakuambiwa amwendee nani.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo watu huogopa kulitaja, yaani magonjwa ya akili na huzuni inayomshinda mtu. Wengi wakisikia neno "akili" hufikiri Mathari, na wakifikiri Mathari hucheka au hunyamaza. Ndugu zetu, hospitali hiyo ipo tangu mwaka wa 1910, na wengi wametibiwa humo wakarudi makwao na makazini mwao. Akili huugua kama tumbo linavyougua, na hutibiwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ametoka kwao mara ya kwanza. Kijiji kizima kilichangia karo kwa harambee, na kila mtu anangoja aje kuwa mtu mkubwa. Akianguka mtihani, au karo ikipungua, au akiachwa na mchumba, au akiingia katika pombe na kamari ya simu, anaona haya kurudi nyumbani na anaona haya kusema. Anajifungia chumbani. Mfagiaji huona: chumba hakifunguliwi, nguo hazifuliwi, mtu halali au analala mchana kutwa, anagawa vitu vyake, anaaga watu kana kwamba hatarudi. Hizo ni dalili. Asiseme, "Hawa watoto wa siku hizi ni wavivu."

Tufanye nini tukiziona? Haitupasi kuwa madaktari. Tufanye mambo manne. Tumwendee kwa upole tumwulize habari zake. Tumsikilize bila kumhubiria. Tukihofu kwamba anataka kujiua, tumwulize wazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Kisha tusimwache peke yake mpaka tumfikishe kwa mshauri wa chuo, au kwa nesi wa zamu, au hospitali. Nambari ya simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Na baada ya hapo tufunge midomo yetu. Siri ya mgonjwa ikizunguka jikoni, mgonjwa wa pili hatakuja.

Zamani watu walinyamaza pia kwa kuogopa polisi, maana sheria ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho, cha 226 katika sheria za jinai, kinapingana na Katiba. Waambieni watu habari hiyo. Aliyefikia hapo ni mgonjwa anayehitaji msaada, na anayempeleka hospitali hampeleki jela.

Vyuo vina washauri, tena wengine ni hodari sana. Lakini ni wachache, na ofisi nyingi hufungwa jioni. Shida ya moyo haingoji saa mbili ya asubuhi. Usiku aliyeko ni askari wa lango, naye ana rungu na kitabu cha kuandika wageni. Twasema apewe pia orodha ya simu za nesi, mshauri na dereva wa zamu, na afundishwe namna ya kusema na mtu aliyefadhaika. Mafunzo ya siku mbili hayawezi kukifilisi chuo.

Tukija kwa usalama, hatuwezi kupita Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakaanza kwa kuwapiga risasi walinzi wa lango. Siku hiyo walikufa watu 148, wengi sana wao wakiwa wanafunzi. Siku kumi baadaye, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilileta mishindo kabla ya mapambazuko. Wanafunzi walidhani ni mashambulizi, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia wakaumia. Novemba mwaka huo huo chuo kimoja mjini Nairobi kilifanya zoezi la kujihadhari, watu wakadhani ni kweli, wakaruka. Mfanya kazi mmoja wa chuo hicho akafariki.

Tuangalie vizuri mambo hayo matatu. Katika la kwanza adui alikuwapo. Katika la pili na la tatu hakuwapo adui hata mmoja, lakini watu walikufa kwa hofu na kwa kutojua la kufanya. Kwa hivyo kuweka bunduki langoni hakutoshi. Kila bweni liwe na mlango wa pili unaofunguka kwa ndani. Funguo zisikae kwa mtu mmoja anayelala mbali. Waya za umeme zikaguliwe. Kila mtu ajue king'ora kina maana gani na mahali pa kukusanyika ni wapi. Zoezi lifanywe, lakini watu waambiwe mapema kwamba ni zoezi.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwenye kazi kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Basi mjumbe wa kila tawi aulize: kamati yetu iko wapi? Ilikutana lini? Na twashauri wanafunzi waalikwe katika kamati, kwa kuwa moto ukiwaka hauchagui mwenye kitambulisho cha kazi na mwenye kitambulisho cha masomo.

Kuna neno moja chungu, nalo hatutaliruka. Wasichana husumbuliwa chuoni, na wanaowasumbua si wanafunzi wenzao tu. Wamo walimu, na wamo wafanya kazi wenye funguo au wenye kugawa vyumba. Chama hiki humtetea mwanachama aliyeonewa. Hakiwi pazia la mtu anayedai mwili wa msichana ili ampe kitanda. Na msichana au mvulana aliyebakwa akija kwetu, tumpeleke hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai baada ya hapo. Asioge wala asifue nguo kwanza. Simu ya 1195 hupokewa usiku na mchana.

Wengine watasema, "Wanafunzi wakigoma, mawe hutupata sisi." Ni kweli. Lakini nasi tukigoma, zahanati hufungwa, na mtoto wa mwenzetu mwenye pumu hukaa bila dawa. Haki ya kugoma tuliipata kwa jasho na hatuitoi. Hata hivyo twasema kila tawi likipanga mgomo lipange pia watu wachache wa dharura: nesi, dereva wa gari la wagonjwa, na mshika funguo za mabweni. Mgomo ni wa kumbana mwenye kazi. Mgonjwa hana kosa.

Nanyi wazazi, mkipiga simu chuoni msiulize matokeo tu. Ulizeni, "Umekula nini? Unalala wapi? Una rafiki?" Pia, tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, nasi hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia. Hakikisheni kwamba mtoto ameandikwa, msije mkajua siku ya kulazwa.

Kwa kumaliza, twaomba kila tawi lijadili mambo haya na kuyapeleka kwa wakuu wa chuo kwa maandishi:

1. Kamati ya usalama na afya ikutane, na wanafunzi wawemo.

2. Wapishi, wafagiaji na walinzi wafundishwe dalili za mtu aliyelemewa na mahali pa kumpeleka.

3. Mshauri mmoja awe zamu usiku, hata kama ni kwa simu.

4. Milango, funguo na umeme wa mabweni vikaguliwe kila muhula.

5. Pawe na mfuko mdogo wa chakula kwa mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa, na mpishi aruhusiwe kupeleka jina kwa siri.

Jambo la kwanza katika hayo halina gharama. Mengine gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza moja. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ndio tunaopita karibu na ufa huo kila siku tukiwa na ufagio, funguo na sufuria mkononi. Tuuseme.