KUSOMA KITABU NA KUKIFAHAMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga



Kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", kilichopigwa chapa mwaka 1934, wengi wetu twakijua. Baadhi yetu hukisifu. Wengine hukitupa, kwa kuwa chawashukuru mno Waingereza. Twaona pande zote mbili zimefanya haraka.

Sisi makarani twajua kuwa barua haifahamiki mpaka ajulikane aliyeiandika, na aliyepelekewa, na jambo lililoachwa. Na kitabu ni vivyo hivyo. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, akalelewa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipowekwa na wamisheni mwaka 1875. Shukrani zake ni za mtoto aliyesikia habari za minyororo kwa baba yake. Si za kuchekwa. Walakini mwenye kushukuru hamwulizi mkombozi wake maswali. Maswali hayo ni kazi ya msomaji.

Misafara ya watumwa ilipita Ufipa pia, na wako waliokombolewa Karema. Basi tuwaulize wazee wetu habari walizopokea kwa babu zao, kisha tukisome tena sura kwa sura, tuone Mbotela alisema nini na alinyamazia nini. Haraka haraka haina baraka.