Herufi Zikianza Kufifia



Leo tuzungumze juu ya macho. Wako wenzetu waliofuzu kisomo vizuri, lakini sasa wameacha vitabu. Wanasema, "Mwalimu, herufi zinafifia." Wengine wanadhani wamesahau kusoma. Sivyo hata kidogo.

Hebu tujaribu. Wekeni kidole mbele ya uso, mbali kiasi cha shubiri moja. Kitazameni. Vijana wanakiona vizuri, lakini mti ulio nyuma yake una ukungu. Sasa tazameni mti. Kidole nacho kimekuwa na ukungu. Wazee je? Kidole wanakiona kwa shida tangu mwanzo. Kwa nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ni angavu kama kioo, ila ni laini. Ukitazama karibu, msuli mdogo hukaza na lenzi hunenepa. Ukitazama mbali, msuli hulegea na lenzi huwa bapa. Hivyo ndivyo picha inavyotua sawasawa nyuma ya jicho.

Uwezo huu hukua na mtu. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 mpaka 30, kama uso wa mama anayemnyonyesha. Miezi ya kwanza macho yake huweza kupishana mara moja moja. Akipita miezi 4 na bado ana makengeza, mpelekeni hospitali. Msingoje akue, maana jicho moja laweza kudhoofika kabisa.

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi huwa ngumu polepole. Hainenepi tena kama zamani. Ndiyo maana mzee husoma gazeti amenyoosha mkono. Huu si uchawi, wala si kusoma kulikoharibu macho. Hata asiyejua kusoma humpata, naye hushindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini mpimwe kwanza, kwani yapo magonjwa mengine yanayofifisha macho. Jicho likiuma sana, au likiacha kuona ghafla, nendeni hospitali siku ile ile. Wakati mnangoja miwani, someni mchana penye mwanga wa kutosha.

Mlijifunza kusoma kwa jasho, ndugu zangu. Msikubali lenzi ndogo kama punje ya dengu iwanyang'anye elimu hiyo.