Mazungumzo Yapitayo Habari za Kazi



Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika vichochoro vya Lamu, mpita njia huona kando ya milango ya nyumba za kale viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, ndizo baraza, ambazo zilimwezesha mwenye nyumba kumkaribisha jirani au mgeni na kuketi naye baina ya alasiri na magharibi pasipo kuivunja sitara ya watu wa ndani. Baraza ilikuwa ya wanaume, na upungufu huo siufichi, kwani wanawake walikuwa na makutano yao uani. Lakini hapo walipoketi nahodha, seremala na mwalimu wa chuo, mazungumzo yalihesabiwa kuwa fani yenye adabu zake, na ndiyo fani ninayoisemea leo, kwa kuwa naiona ikitutoka.

Sisi tuliosoma, tukikutana arusini au matangani, hatukawii kuulizana: Unafanya kazi wapi siku hizi? Swali hilo lina sura ya upole, lakini humpa mtu daraja kabla hajafungua kinywa. Kijana aliyekosa ajira hutazama chini. Na mama aliyelea watoto sita na kuwauguza wakweze hujibu, Nipo tu nyumbani, na papo hapo mazungumzo hufa, ilhali katika mkutano mzima huenda hapana aliyeona mengi kumshinda yeye. Waliobaki huendelea na habari za foleni, vikao na mkubwa wa ofisi, kisha wakaagana bila ya kujuana.

Simlaumu mtu kwa maneno mepesi. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi miongoni mwa watu wa visiwa vya Trobriand, aliandika mwaka 1923 kwamba maamkizi na maneno ya hali ya hewa hayakusudiwi kupasha habari, bali kufunga ujamaa baina ya watu. Na Mswahili aulizaye hali ya nyumbani na ya watoto kabla ya kutaja haja yake hahitaji kufundishwa jambo hilo. Ninalolalamikia ni kwamba baada ya maamkizi hatuna tena la kuulizana.

Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 1997 utafiti ambamo watu wasiojuana waliketishwa wawili wawili kwa dakika 45. Wengine walipewa maswali 36 katika mafungu matatu, kila fungu likizama kuliko lililotangulia, na wengine mazungumzo ya kawaida. Wale wa kwanza waliondoka wakijiona karibu zaidi. Kwa rai yangu, siri kubwa ilikuwa katika sharti kwamba kila mmoja alijibu pia lile alilomwuliza mwenziwe, kwa maana aulizaye pasipo kutoa chochote chake hana tofauti na mpelelezi.

Watu wa pwani waliifahamu insafu hiyo. Katika zama za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, washairi wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa tungo, na beti za Muyaka zilihifadhiwa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor wakazikusanya.

Wala sisemi kazi isitajwe kabisa. Tumwulize nahodha atambuavyo kwamba kaskazi imekwisha. Seremala, ni mti gani aukataao na kwa nini. Mhasibu, ni nani aliyemfunza kuzishuku hesabu zilizonyooka mno. Na yule mama wa nyumbani, mgonjwa humwambia nini mwuguzaji usiku wa manane. Hapo tumeuliza ilimu ya mtu, tukakiacha cheo chake, na mwenye kuulizwa hivyo hunyamaza kwanza. Tusiukatize unyamavu huo kwa haraka ya kusema letu, maana mtu huwa anatafuta jibu ambalo pengine hajawahi kuombwa.

Mhadhara huu ukishafungwa, nawaomba msitawanyike kabla kila mmoja hajamwuliza aliye kando yake jina lake alipewa na nani, naye akaeleza habari ya jina lake mwenyewe.