Sifuri na Namba Mraba: Tufundishe Nini, Tusahihishe Vipi?

Mada kwa walimu wa Hisabati wa shule za msingi na sekondari

1. Utangulizi

Mwanafunzi ameambiwa aorodheshe namba mraba zisizozidi 50. Ameandika 0, 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49. Baadhi yetu watamkata alama kwa ile sifuri, wengine watampa zote. Alama ya mtoto isitegemee nani kashika kalamu nyekundu. Msimamo wa mada hii ni kwamba sifuri ni namba mraba, na linaloamua ni fasili, si mazoea.

2. Fasili

Namba mraba ni namba inayopatikana kwa kuzidisha namba kamili kwa yenyewe. Namba kamili ni zile hasi, sifuri na zile chanya. 36 ni namba mraba kwa sababu 6 × 6 = 36. 50 si namba mraba: 7 × 7 ni 49, 8 × 8 ni 64, na kati ya 7 na 8 hakuna namba kamili nyingine. Sasa tuipime sifuri kwa kipimo hicho hicho: 0 × 0 = 0. Sharti limetimia. Wala si jambo jipya. Mwanahisabati wa India, Brahmagupta, alipoandika kanuni za sifuri mwaka 628, aliitaja na hii ya 0 × 0 = 0.

3. Pingamizi

(a) "Mraba wenye upande wa sifuri hauchoreki." Kweli, lakini hata upande wa −6 hauchoreki, na bado −6 × −6 ni 36. Mchoro ni zana ya kufundishia. Fasili inahusu namba.

(b) "Tunaanza kuhesabu na 1." Swali likitaja namba za kuhesabia pekee, sifuri haimo. Hapo imeachwa nje na swali, haijapoteza sifa yake.

(c) "Namba mraba ina idadi witiri ya vigawo." 36 inavyo 9: 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36. Sifuri, kwa upande wake, inagawanyika kwa kila namba kamili isipokuwa yenyewe, kwa hiyo vigawo vyake havina mwisho. Kasoro iko kwenye namna tunavyoitamka kanuni: ni ya namba mraba chanya, na tuwaambie wanafunzi hivyo.

4. Sifuri inafanya kazi gani?

Chukua vizibo vya soda. Meza ikiwa tupu, weka kizibo 1. Ongeza 3 kandokando ya pande mbili, upate mraba wa 4. Ongeza 5, upate 9. Ongeza 7, upate 16. Kila hatua tunajumlisha namba witiri inayofuata. Ile 1 ya kwanza ilijumlishwa na nini? Na 0. Mfuatano unaanzia hapo.

Mfano wa pili ni wa mwanahisabati Lagrange, aliyethibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba asilia ni jumla ya namba mraba nne. 7 ni 4 + 1 + 1 + 1. Lakini 3 ni 1 + 1 + 1 + 0, na 5 ni 4 + 1 + 0 + 0. Ukiikataa sifuri, kanuni inakwama tangu kwenye 1.

5. Mapendekezo

(i) Tufundishe fasili kwanza, mchoro ufuate.

(ii) Mtungaji wa swali ataje mipaka. "Kuanzia 0 hadi 50" inaijumuisha sifuri. "Kubwa kuliko 0" inaiacha.

(iii) Swali lisipotaja mipaka, mwongozo wa kusahihishia uipokee orodha yenye sifuri.

(iv) Mwanafunzi akiuliza, asijibiwe "ndiyo" au "hapana" tupu. Apewe fasili, aweke 0 mwenyewe, aamue.